Apgredi au Kufomati? Jibu Moja kwa Wote Mnaonipigia Simu

Tangu Oktoba 2025 simu yangu imegeuka ofisi ya huduma kwa wateja, na mshahara siuoni. Binamu yuko Mandera, jamaa tuliyesoma naye sekondari yuko Elwak, dada mmoja anayenifuata tu mtandaoni yuko Eastleigh. Swali ni lile lile: "Laptopu yangu inasema Windows 10 imeisha. Nibonyeze apgredi, ama nifomati niweke nzima upya?"

Leo nawajibu wote mara moja, halafu mniache nipumue.

Msimamo wangu ni huu. Kama laptopu yako ni ya mitumba, na huku kwetu karibu zote ni za mitumba, usiapgredi kwa haraka. Toa mafaili yako uyaweke pembeni, futa diski, weka toleo kamili. Apgredi ni ya mtu anayejua maisha ya mashini yake tangu siku ilipotoka kwenye kartoni. Wewe na mimi tumeikuta ukubwani.

Najua kuna watakaouliza mimi ni nani. Swali halali. Sina digrii. Niliacha chuo mwaka wa pili karo ilipokataa kupatikana, nikarudi Rhamu na laptopu moja na stendi ya kamera. Lakini video hazilipi kila mwezi, na laptopu za watu zinaharibika kila mwezi, kwa hivyo nimeweka Windows kwenye mashini nyingi. Ninachoandika hapa nimekifanya kwa mikono yangu.

Neno moja, mambo mawili

Watu wanachanganyikiwa kwa sababu "apgredi" inabeba vitu viwili tofauti. Cha kwanza ni haki, yaani leseni: unaruhusiwa kutumia hii programu? Cha pili ni njia: utaiweka juu ya ile ya zamani, ama utasafisha diski uanze kwenye ardhi tupu?

Zamani, Windows ilipokuwa ikiuzwa dukani ndani ya boksi lenye diski, boksi zilikuwa za aina mbili. Windows 7 ilipotoka tarehe 22 Oktoba 2009, toleo la Home Premium huko Marekani liliuzwa dola 119.99 kwa boksi la apgredi, na dola 199.99 kwa boksi kamili. Ukimaliza kuiweka, Windows ni ile ile. Menyu zile zile, picha ile ile ya ukutani. Zile dola 80 zilikuwa bei ya kutokuwa na kitu cha kuanzia. Aliyekuwa na XP au Vista halali alipunguziwa. Aliyekuwa na mashini tupu alilipa nzima.

Sasa sikiliza hii. Mtu wa XP aliruhusiwa kununua lile boksi la bei nafuu, lakini hakuweza kupanda nalo juu kwa juu. Ilibidi aanze upya, aweke programu zake moja moja. Mtu wa Vista ndiye aliyeweza kupanda na mizigo yake yote. Kwa hivyo XP alikuwa na haki ya apgredi, lakini njia yake ilikuwa ya kufomati. Ukilishika hilo, nusu ya maswali mnayoniuliza yanajijibu.

Windows 10 ilipotoka tarehe 29 Julai 2015, Microsoft waliwapa bure watu wa Windows 7 na 8 kwa mwaka mzima. Windows 11 nayo, iliyotoka Oktoba 2021, ni bure kwa mwenye Windows 10 halali na mashini inayokubalika. Boksi mbili zimepotea machoni lakini hesabu yake bado iko. Neno la kuangalia ni "halali". Bure ni ya yule ambaye tayari alikuwa nacho.

Msasa

Sisi wa kaskazini mashariki hatuhitaji kuelezwa sana maana ya kuulizwa "cha zamani kiko wapi?" Kwa miongo mingi kijana wa huku akifika miaka 18, kutafuta kitambulisho kulimaanisha kupigwa msasa. Leta kitambulisho cha baba, leta cha babu, simama mbele ya kamati, eleza wewe ni wa nani. Vijana wa kaunti nyingine walikuwa wanajaza fomu wanaenda zao. Februari 2025 Rais alitia sahihi akiwa Wajir kuondoa ule msasa wa ziada. Kaka zetu waliopoteza miaka ya kazi na masomo wakisubiri hiyo kadi, miaka yao haikurudishwa.

Sifananishi uzito. Kitambulisho ni maisha, Windows ni programu tu. Ninachosema ni kwamba leseni ya apgredi inauliza swali la namna hiyo: kabla sijakupa kipya, nionyeshe kwamba cha zamani kilikuwa chako. Na wengi wetu tunaamini hatuna cha kuonyesha, kumbe tunacho.

Tangu enzi za Windows 8, mwaka 2012, watengenezaji wakubwa wa kompyuta huandika ufunguo wa leseni ndani ya chipu iliyo kwenye bodi kuu ya mashini. Hauko kwenye diski. Hauko kwenye kibandiko kinachofutika. Ile laptopu iliyotumika ofisini Uingereza, ikaja Nairobi kwa kontena, ikapanda basi mpaka Rhamu, mara nyingi imekuja na cheti chake cha kuzaliwa tumboni. Ukiifomati ukaweka toleo la aina ile ile, Pro kwa Pro ama Home kwa Home, ukaiunganisha na intaneti, inajitambua yenyewe. Hakuna kununua ufunguo wala kumbembeleza fundi.

Sasa angalia tunachofanya sisi. Mtu anachukua mashini yenye leseni halali, anaweka aina isiyolingana, leseni inakataa, basi anatafuta kraki. Na karibu kila kraki inakwambia kwanza zima kinga ya virusi. Yaani umemwambia mlinzi wa usiku aende akalale, halafu umemfungulia geti mtu usiyemjua jina.

Unataka kujua yako ina kraki? Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika slmgr /xpr, bonyeza Enter. Ikisema leseni ni ya kudumu, hiyo ni dalili nzuri, ingawa si kiapo. Ikikupa tarehe ya kuisha, na mashini si ya kampuni wala chuo, basi kuna mtu aliyeichezea. Ile mbinu maarufu ya kraki inaidanganya kompyuta kwamba ni mali ya shirika kubwa, na inabidi ijisajili tena ndani ya kila siku 180. Programu inayofanya huo usajili iko hapo nyuma inaendelea na kazi, na hujui ni kazi gani nyingine inafanya.

Ndio maana sipendi apgredi kwenye mashini za mitumba. Apgredi inarithi. Mafaili yako yanavuka salama, ndio. Programu zako zinavuka. Na yule mgeni aliyeingia siku ya kraki anavuka pia, anakaa kwenye Windows mpya kama mwenye nyumba.

Lango la Windows 11

Hata ukiwa na leseni safi kama maziwa, kuna lango. Windows 11 inataka RAM ya GB 4, nafasi ya GB 64, chipu ya usalama inayoitwa TPM 2.0, na prosesa iliyo kwenye orodha ya Microsoft. Kwa Intel, orodha hiyo inaanza kizazi cha 8, ukitoa chache za kizazi cha 7. Rhamu tunayo, RAM ndio shida.

Kujua kizazi ni rahisi. Angalia namba baada ya kistari. i5-6300U, inaanza na 6, ni kizazi cha 6. i5-8250U ni cha 8. HP EliteBook 840 G3, ile laptopu ambayo nusu ya wanafunzi wa Kenya wamewahi kuiona, ni kizazi cha 6. Haivuki lango. Ndugu yake 840 G5 ya kizazi cha 8 inavuka. Kwa macho zinafanana, dukani bei zinakaribiana, na muuzaji hatakwambia tofauti usipouliza. Kwa hivyo uliza, tena kabla hujatoa pesa.

Kuna njia za kupita dirishani. Unaweza kutengeneza flashi inayoruka hayo masharti, na Windows 11 itakaa kwenye mashini ya kizazi cha 6. Microsoft wenyewe wanasema mashini kama hiyo hawaihakikishii masasisho. Kama ni laptopu yako ya kuangalia muvi, fanya unavyotaka. Kama watu wengine wanaweka siri zao hapo, mimi sishauri.

Hesabu ya Rhamu

Mashauri mengi ya mtandaoni yameandikwa na watu ambao intaneti kwao ni kama hewa. Sisi tunanunua kwa bando. Faili ya Windows 11 inazidi GB 5, na ukiacha kila mashini ijipakulie yake, mashini tatu zimekula zaidi ya GB 15 kabla hata hujafungua barua pepe.

Halafu kuna stima. Rhamu haiko kwenye gridi ya taifa, tunategemea mitambo ya hapa hapa. Apgredi inachukua muda mrefu, inajizima na kujiwasha mara kadhaa, na laptopu ya mitumba betri yake imezeeka. Stima ikipotea katikati, Windows hujaribu kurudi ilipotoka, na mara nyingi inafaulu. Neno "mara nyingi" halitoshi kama hujaweka bakapu.

Tunachofanya sisi ni hiki. Mtu aliye Nairobi mwenye Wi-Fi nzuri anapakua faili kutoka tovuti ya Microsoft yenyewe, anaiweka kwenye flashi ya GB 8, anaifunga kwenye bahasha, inakuja na basi. Inafika imejaa vumbi lakini inafanya kazi. Flashi moja inahudumia mtaa mzima. Na ndio, flashi hiyo hiyo inaweza kufanya apgredi pia ukiifungua ukiwa ndani ya Windows, kwa hivyo bando si sababu ya kuchagua upande mmoja. Ni sababu ya kutobonyeza tu kile kitufe kinachokuja kwenye skrini.

Ila usikubali ile "Windows nyepesi" inayozunguka kwenye magrupu, imepunguzwa na mtu asiyejulikana. Umekimbia kraki ndogo umekaribisha kubwa.

Saiba ya abti

Mpaka hapa inaonekana kama mambo ya mafundi tu. Wacha niwaambie kwa nini mimi nakasirika.

Abti yangu, ndugu ya mamangu, ana saiba karibu na soko. Kompyuta tatu, printa moja, feni moja. Serikali ilipohamishia maelfu ya huduma kwenye eCitizen mwaka 2023, saiba kama hizo zikawa ndio ofisi ya serikali. Mama wa vitunguu kutoka shamba la kando ya Daua anakuja kutafuta cheti cha kuzaliwa cha mtoto. Kijana anakuja kujaza HELB. Mzee anakuja na simu yake mkononi, anamsomea abti namba za siri kwa sauti. Wanamwachia kila kitu: kitambulisho, paswadi, namba ya M-Pesa. Wanaenda kuswali wakirudi wanakuta kazi imeisha.

Mashini yake moja ilikuwa inafungua kurasa za kamari yenyewe. Hajagusa kitu, brauza inafunguka, mpira, dau, bonasi. Nikaandika slmgr /xpr. Tarehe ya kuisha hiyo hapo.

Nikamwambia, "Abti, hii tufute yote tuanze upya."

"Kufuta?" Akaniangalia kama nimemwambia tuchome duka. "Wewe mtoto, hapo ndani kuna watu."

Na kweli wamo. Folda juu ya folda, miaka sita. Vitambulisho vilivyoskaniwa, barua za chifu, matokeo ya mitihani. Kuna mama ambaye cheti cha shule cha mwanawe kililoa kwenye mafuriko kikabaki uji, na nakala iliyobaki duniani ilikuwa kwenye ile diski, ndani ya folda iliyoandikwa "MPYA 3".

Abti alitaka apgredi, na hoja yake haikuwa ya kijinga. Apgredi inaacha kila kitu mahali pake. Kesho asubuhi mteja akija, faili yake iko pale pale. Kufomati kunamaanisha programu zote zirudi moja moja, draiva ya printa itafutwe, na saiba ifungwe siku nzima. Siku nzima bila pesa, mwezi ambao mtoto wake anarudi shule.

Nikamwambia, "Ni kwa sababu kuna watu ndani, abti. Mlango umeshavunjwa, na wewe unataka kuwahamisha na mwizi wao."

Alinyamaza. Akaniuliza swali ambalo hakuna video ya YouTube imewahi kunijibu: "Wakiibiwa, watanilaumu mimi ama kompyuta?"

Watamlaumu yeye. Na kwa sheria wana haki. Kenya tuna Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019, na anayehifadhi taarifa za mtu anatakiwa azilinde. Lakini kabla hata ya sheria kuna aibu. Huu ni mji mdogo. Ukipoteza pesa za mama wa vitunguu, utakutana naye kila siku ya soko.

Tulinunua diski ya nje. Tulikaa usiku mbili baada ya swala ya Isha tukinakili na kupanga. Waliopatikana kwa simu tuliwatumia mafaili yao, tukayafuta kwetu. Zilizobaki ziko kwenye hiyo diski, na diski iko kwenye droo yenye kufuli, haichomekwi ila kwa kazi. Hiyo peke yake ilikuwa hatua kubwa kuliko Windows yoyote.

Halafu tukaamua kila mashini kivyake.

Ya kwanza ni ya kizazi cha 8. Abti aliinunua ikiwa mpya, leseni ya kudumu, haijawahi kuguswa na kraki. Hiyo tuliiapgredi kwenda Windows 11. Kila kitu kilibaki mahali pake na abti akafurahi. Wasee wa apgredi mmeona? Sina chuki. Tena Windows huweka ile ya zamani kwenye folda ya Windows.old kwa siku 10, ukichukia unarudi.

Ya pili ndio ile ya kamari, kizazi cha 6. Tuliifuta yote, tukaweka Windows 10 Pro kutoka mwanzo. Nikaiunganisha na simu yangu dakika chache. Ikajitambua. Abti akasoma maandishi kwenye skrini mara mbili, akacheka kwa uchungu: "Kumbe ilikuwa na cheti chake muda wote, na mimi nililipa mtu anitafutie cha wizi." Kwa vile masasisho ya Windows 10 yaliisha tarehe 14 Oktoba 2025, hiyo sasa ni ya kuchapa na kuprinti. Intaneti haigusi tena.

Ya tatu ni ya mezani, RAM GB 4, nzee kiasi kwamba feni yake inalia kuliko ya darini. Hiyo tuliiwekea Linux Mint, na kazi za brauza zimehamia huko: eCitizen, KRA, KUCCPS. Inatosha kabisa.

Sitawadanganya kwamba hatukupoteza kitu. Kwenye ile mashini ya pili kulikuwa na programu ndogo ya madeni, aliwekewa zamani na fundi ambaye ameshahama, na faili ya kuiweka tena haipatikani popote. Apgredi ingeiokoa. Kufomati kuliiua, na tulijua kabla ya kuanza. Abti alikaa akanakili madeni yote kwa kalamu kwenye daftari, jina kwa jina. Mpaka leo anatumia hilo daftari, na mpaka leo ananikumbusha. Hiyo ndio gharama, na anayekwambia kufomati ni bure anataka kukuuzia kitu.

Chaguo la tatu

Linux nimeitaja kwa haraka, wacha niiseme vizuri. Huko hakuna boksi mbili. Hakuna bei ya aliyekuwa nacho na bei ya asiyekuwa nacho. Ubuntu, ambayo jina lake liko karibu sana na neno letu utu, ilianza mwaka 2004, na toleo la 24.04 linapata masasisho ya bure hadi 2029. Linux Mint 22 pia hadi 2029. Faili ni kama GB 3 ama kidogo juu ya hapo kwa Mint. Na unaweza kuijaribu ukiwa unaiwasha kutoka kwenye flashi kabla hujafuta chochote. Ukiipenda unaiweka, usipoipenda unachomoa flashi na Windows yako iko vile vile.

Ubaya upo. Microsoft Office ya kawaida haikai huko. Utatumia LibreOffice, na wakati mwingine barua uliyoipanga vizuri inafunguka kwa mtu mwingine ikiwa imeteguka. CapCut ya kompyuta haina toleo la Linux, ndio maana laptopu yangu ya kuhariri bado ni Windows. DaVinci Resolve ipo, lakini inataka mashini yenye nguvu. Chagua kwa kazi, usichague kwa kufuata watu.

Na kama uko kwenye Windows 10 halali, ni laptopu yako binafsi, na hujawa tayari kuhama, Microsoft wameongeza masasisho ya usalama hadi tarehe 13 Oktoba 2026 kwa anayejiandikisha. Ni dola 30, ama bure ukiwasha kuhifadhi mipangilio ya mashini kwenye akaunti yako ya Microsoft. Huo ni muda wa kujipanga. Usiutumie kusahau.

Kwa hivyo ufanye nini?

Apgredi ukiwa na haya manne yote: mashini unaijua tangu mwanzo ama umeikagua ukaridhika, leseni ni ya kudumu, prosesa iko kwenye orodha, na una bakapu nje ya mashini. Likikosekana moja, simama kwanza.

Fomati kama iliwahi kuwekwa kraki, kama hujui ni nani aliitumia kabla yako, kama inafungua vitu yenyewe, ama kama Windows yako ni ya biti 32. Windows 11 ni ya biti 64 tu, na kutoka 32 kwenda 64 hakuna apgredi kabisa, ni kufuta na kuanza.

Kabla ya kufomati andika kwenye karatasi kila programu unayoitumia, na ujue utaitoa wapi tena. Tafuta draiva ya printa na ya Wi-Fi mapema uziweke kwenye flashi. Bakapu yako ifungue kwenye mashini nyingine uone inafunguka kweli. Faili ambayo hujaifungua usiihesabu.

Na kama wewe ni mtu wa saiba, mwalimu, karani wa shule, yeyote ambaye watu wanamwachia vitambulisho vyao, huu uamuzi usiufanye kama wa laptopu ya nyumbani. Mama wa vitunguu hajui kraki ni nini wala haimhusu. Anajua alikuamini.

Hayo ndio majibu yangu. Anayepinga aniandikie hapo chini kwa heshima, nitasoma. Na ukiwa Rhamu na bado umekwama, flashi ninayo. Kuja na bakapu yako, na tafadhali kuja na chaja. Yangu imechoka kuazimwa.